Kilomita Ngapi, na kwa Mwendo Gani? Pikipiki ya Umeme Porini

Mwenye pikipiki ya umeme akikutana na waendeshaji wa petroli, swali la kwanza analoulizwa huwa ni lile lile: inakwenda kilomita ngapi? Akishataja namba, wenzake hutikisa vichwa na mazungumzo huishia hapo. Swali lenyewe ni halali, ila limekatwa katikati. Nusu iliyoachwa ni "kwa mwendo gani", na bila hiyo namba yoyote utakayotajiwa haina maana. Miaka mingi nimeendesha pikipiki za petroli za aina ile inayopita lami asubuhi na kuingia porini mchana. Baada ya kuijaribu ya umeme ya aina hiyo hiyo, naona wenzangu wengi wanaihukumu kwa kipimo kisichoihusu.

Chukua Zero FX, ambayo wengi wanaifahamu. Inatengenezwa na Zero Motorcycles, kampuni iliyoanzishwa California, betri yake ni ya kilowati-saa 7.2, na uzito wake ni kilo 130 na ushei. Mtengenezaji mwenyewe anasema mjini itakwenda kilomita 146 kwa chaji moja, lakini ukiishikilia kwenye kilomita 113 kwa saa barabara kuu utapata 63 tu. Ni pikipiki ile ile na betri ile ile, na umbali umepungua kwa zaidi ya nusu. Mtu wa petroli hushtuka hapo, kwa sababu yeye amezoea kinyume chake: foleni za mjini ndizo zinazomaliza tangi, na safari ndefu ya mwendo wa wastani ndiyo inayompa nafuu.

Sababu ni upepo. Nguvu ya hewa inayokusukuma nyuma hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kwenye kilomita 110 kwa saa unapambana na hewa zaidi ya mara 13 ya ile unayokutana nayo kwenye 30. Pikipiki za porini zina kiti kirefu na usukani mpana, na mwendeshaji hukaa wima kifua kikiwa mbele, jambo linaloongeza adhabu hiyo. Ya petroli inalipa gharama ile ile ya upepo, lakini hutaiona, kwa kuwa injini yake inapoteza sehemu kubwa zaidi ya mafuta kama joto kila wakati, hata ikiwa imesimama kwenye taa inanguruma bure. Mota ya umeme haina upotevu mkubwa wa namna hiyo, hivyo kinachobaki kuonekana ni upepo wenyewe.

Kuna hesabu moja ambayo nimeirudia mara nyingi. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9. Maana yake ni kwamba betri nzima ya FX, yenye kuzunguka kilomita 146 mjini, imebeba nishati pungufu ya lita moja ya petroli. Honda CRF300L, ya petroli ya lami na porini, ina tangi la lita 7.8, yaani karibu kilowati-saa 70, kiasi cha betri tisa za namna hiyo na zaidi. Mkosoaji akisikia hivyo husema: umeona, betri haina kitu. Mimi naisoma namba hiyo upande wa pili. Mashine inayokwenda kilomita 146 kwa nishati isiyofika lita moja ni bahili ajabu. Tatizo lake ni kibuyu kidogo, kiu haina. Haya ni matatizo mawili tofauti na kila moja lina dawa yake, lakini tukiyachanganya tutaendelea kubishana bila kuelewana.

Sasa ipeleke hesabu hiyo porini, kwa maana huko ndiko mwendo unakoshuka. Kwenye njia ya mawe na mizizi, mtu mzoefu anakwenda 20, mara 30, mara anatambaa kabisa. Upepo haupo. Kinachobaki ni mchanga, tope na miinuko. Mchanga na tope hula chaji kweli, sitapunguza hilo. Lakini miinuko, ambayo watu wanaiogopa zaidi, ina bei ndogo kuliko wanavyodhani. Pikipiki, mwendeshaji na mizigo yake tuseme ni kilo 220. Kuinua uzito huo mita 1,000 kwenda juu kunahitaji kilowati-saa 0.6. Ongeza upotevu wa mota na wa tairi kuteleza, bado uko karibu na sehemu moja ya kumi ya betri, na kwenye mteremko wa kurudi mota huirudisha sehemu ya umeme huo. Juu huko injini ya petroli isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia hewa) imepungukiwa na hewa na imepoteza kama sehemu ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 ilizopanda. Mota haipumui, kwa hiyo nguvu yake ni ile ile.

Hayo yote ni karatasi. Kilichonibadilisha mawazo ni mwinuko wa mawe yaliyolegea, wenye kona katikati, pale ambapo kwa petroli ungejitayarisha mapema: gia ya kwanza, resi ya kutosha isizime, klachi nusu, mguu tayari kushuka. Nilisimama katikati ya mwinuko kwa makusudi, breki ya nyuma imeshikwa, tairi la nyuma likiwa juu ya jiwe la ukubwa wa kiatu. Nikakunja mkono wa kulia kidogo sana. Tairi likageuka labda robo ya mzunguko, likateleza upana wa kidole, likang'ata, pikipiki ikaondoka. Haikuzima, kwa sababu hakuna cha kuzima. Haikuruka mbele pia, na hapo ndipo wengi wanapokosea wanaposikia habari za nguvu ya papo hapo. Wanafikiri ni mnyama wa kukutupa. Kwa mwendo wa kutembea ni kinyume: unaipima nguvu kwa kidole, bila ngazi za gia wala mshtuko wa klachi, na mikono yako yote miwili inabaki na kazi ya kuongoza.

Hapa lazima niwasahihishe na mashabiki wa umeme. Hupenda kutaja kwamba FX ina nguvu ya kuzungusha ya Nm (nyutoni-mita) 106 na pikipiki ya petroli ya cc 300 haifiki hata 30, kana kwamba mjadala umekwisha. Namba hizo mbili hazilinganishwi hivyo. Ya petroli ina gia, na gia ya kwanza huzidisha nguvu hiyo mara nyingi kabla haijafika kwenye tairi. Ya umeme ina hatua moja tu ya kupunguza mzunguko kati ya mota na tairi. Kwenye tairi lenyewe tofauti hupungua sana, na wakati mwingine ya petroli iliyo katika gia ya kwanza na resi sahihi hushinda. Ushindi wa umeme ni kwamba nguvu yake ipo tangu mzunguko wa sifuri na haikulazimishi uwe katika gia sahihi kwa wakati sahihi. Hiyo ni faida kubwa porini, na haihitaji kutiwa chumvi.

Klachi ndiyo hoja nzito zaidi ya upande wa pili, na naona haijibiwi inavyostahili. Mwendeshaji wa petroli anaitumia kuinua tairi la mbele juu ya gogo. Anaitumia kuhifadhi resi kabla ya kuruka, na kuokoa mambo yakiharibika. Hili la tatu ndilo la hatari. Mwili ukirushwa nyuma ghafla, mkono wa kulia hujikunja wenyewe na kuongeza nguvu wakati usipotaka. Kwenye petroli vidole vya kushoto vinaminya klachi, na tairi limekatwa na injini mara moja. Kwenye umeme vidole hivyo hukuta hewa, au breki ya nyuma kwenye zile zilizoihamishia mkononi. Kuna na hili: ukianguka, injini ya petroli kwa kawaida huzima au hupiga kelele ukajua iko hai. Ya umeme hulala kimya. Ukiinama kuiinua na kushika usukani vibaya, inaweza kuondoka nawe. Anayekwenda kujaribu ajifunze kabla ya lolote kubonyeza swichi ya kuzima kwanza, kisha ndipo ainue. Si suala la mazoea tu. Ni tofauti halisi ya usalama na wauzaji wanapaswa kuisema kwa sauti.

Ukimya nao una pande mbili. Tuliozoea petroli tunasoma mwendo kwa masikio bila kujua. Injini ikinyamaza, kipimo hicho kinapotea, na ni rahisi kuingia kona ya kokoto kwa kasi kuliko ulivyodhani. Lakini badala yake unasikia tairi. Unasikia kokoto zikigonga bamba la chini, unasikia mlio unavyobadilika udongo mgumu unapogeuka mchanga, na mshiko unapoanza kupotea unaupata masikioni kabla haujafika kiunoni. Kisha kuna jirani. Malalamiko ya kelele za ekzosi ni miongoni mwa sababu zinazofanya njia za porini zifungwe kwa pikipiki. Kila anayependa njia hizo, awe wa petroli au wa umeme, anafaidika na mashine isiyomwamsha mtu.

Matengenezo siyachambui sana, kila mtu anajua: hakuna oili ya injini, plagi, kichujio cha hewa wala vali za kupima. Tairi, breki, shokapu na mnyororo au mkanda vinabaki vile vile.

Umbali ndio ngome ya petroli, na ngome hiyo ni imara. Nimesema hitilafu ni ya kibuyu. Basi kibuyu hicho kidogo pia kinajaa polepole. FX kwa chaja yake ya ndani na soketi ya kawaida ukutani inahitaji usiku mzima. Tangi la lita 7.8 linajaa kabla hujamaliza kuvua glavu, na dumu la lita tano likifungwa nyuma linakuongezea kilomita zaidi ya mia. Hakuna dumu la umeme. Baridi kali hupunguza kile betri inachotoa. Na mbali na watu, injini ya petroli inayokataa unaweza kuichunguza kwa spana na koleo: una cheche? una mafuta? una hewa? Kontrola, kifaa kinachoongoza umeme wa mota, ikifa, utaisukuma. Mtu anayevuka nchi kwa pikipiki, akilala anapofika, ana kila sababu ya kubaki alipo, na sioni haja ya kumhubiria.

Ugumu unakuja watengenezaji wanapojaribu kumridhisha msafiri huyo huyo. Zero walileta DSR/X mwaka 2022, yenye betri ya kilowati-saa 17.3. Barabara kuu inapata kilomita 137 kwa mwendo ule ule wa 113 kwa saa, na mjini 290. Ni hatua kubwa, lakini uzito umefika kilo 247. Uinue uzito huo peke yako kwenye korongo la mawe, halafu niambie kama bado unajisikia umekwenda kucheza. Tangi la petroli hupungua uzito jinsi unavyokwenda. Betri ikiisha ina uzito ule ule uliotoka nao nyumbani. Kila kilo unayoongeza ili kushinda upepo wa lami unailipia porini, mahali ambapo umeme ulikuwa tayari unashinda.

Ndiyo maana napendezwa zaidi na njia waliyochagua Stark Future wa Barcelona. Mwishoni mwa 2024 walitangaza Varg EX, pikipiki ya enduro, yaani ya mashindano ya porini, inayoruhusiwa barabarani: betri ya kilowati-saa 7.2, hadi nguvu farasi 80, uzito wa kilo 120. Hawakuitengeneza kwa ajili ya barabara kuu. Taa na namba ya usajili vinaiwezesha kupita lami kutoka njia moja kwenda nyingine kihalali, basi. Wametumia kila kilowati-saa pale inapothaminiwa, na kwa hilo naona wamelielewa jambo kuliko wale wanaofukuzia kilomita.

Kwa hiyo anayepewa nafasi ya kujaribu asikubali kuzungushwa kwenye uwanja wa kuegeshea magari. Aombe mwinuko wa kokoto, kona za kubana, na kipande cha barabara ya kasi, na katika kila sehemu aangalie asilimia ya chaji kabla na baada. Kisha apime umbali kutoka mlangoni kwake hadi njia ya porini anayoipenda, kwenda na kurudi, kwa mwendo anaoutumia kweli. Umbali huo ukila chini ya theluthi ya chaji, ya umeme itampa porini saa bora kuliko petroli aliyonayo, na mimi katika hali hiyo ningeinunua bila kusita. Ukila zaidi ya nusu, na hana tela wala pikapu ya kuibebea, abaki na petroli yake hadi betri za kilo zile zile zibebe mara mbili ya zinavyobeba sasa.