Mpaka Afe Mtu Ndiyo Tujuane?

Juzi usiku dada mmoja wa mtaani kwetu aliandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba kuna watu wametapisha choo mvua ikinyesha, na uchafu wote umeishia uani kwake. Ana mtoto anayetambaa. Anaomba tusaidiane. Kimya. Tiki za bluu zimejaa, na jibu pekee lililokuja ni emoji ya mikono ya dua kutoka kwa mzee mmoja. Asubuhi ikaingia taarifa ya msiba, nyumba ya kona. Simu ikaanza kutetemeka kama ina homa: turubai linatoka wapi, viti anavyo nani, rambirambi zitumwe namba gani.

Sina ugomvi na msiba. Nina ugomvi na ukimya ule wa usiku.

Sisi tuko Dar es Salaam, upande unaoteremkia Bonde la Msimbazi, kwa hiyo hakuna wa kutufundisha mvua ni nini. Desemba 2011 watu walikwama juu ya mapaa, wengine wakaishia kuhamishiwa Mabwepande. Agosti 2015 kipindupindu kikaingia mjini, kikakaa, hadi sherehe za Uhuru za 9 Desemba zikafutwa na Rais Magufuli mwenyewe akaingia barabarani kufanya usafi. Nasi tulitoka na mafagio siku hiyo. Tukapiga na picha. Kilichobaki ni ile Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi, ambayo siku hizi kazi yake kubwa ni kuchelewesha maduka kufunguliwa.

Watu wanasema mjini ujirani umekufa, kila mtu na geti lake. Uongo. Nendeni msibani mkaone. Kina mama hawaelekezwi nani achambue mchele na nani akae ndani na mfiwa. Vijana wanajua nani anakwenda kuchimba kaburi. Halafu kuna daftari! Jina, kiasi, na pembeni "ahadi" kwa wale tunaowajua. Shughuli ikiisha mtu anasimama na kusoma mbele ya watu: kimeingia hiki, turubai limechukua hiki, mchele hiki, kilichobaki kakabidhiwa mfiwa. Hakuna posho, hakuna semina ya kujengewa uwezo. Na usipoonekana, watu hawasemi kitu, ila siku yako ikifika utakaa na viti vyako.

Sasa mtaro wa maji ya mvua unatushinda nini?

Ninajibiwa kila mara kwamba hiyo ni kazi ya serikali ya mtaa. Haya, nakubali, kwa shingo upande. Kura tulipiga 27 Novemba 2024, na Katiba inasema serikali hizo zipo kwa ajili ya "kupeleka madaraka kwa wananchi". Mwenyekiti anayedai mchango wa ulinzi shirikishi bila kusoma mapato na matumizi, mtu akimsusia mkutano simlaumu sana. Lakini aliyetapisha choo si mwenyekiti. Ni jirani yetu, tunamjua kwa jina na kwa watoto wake, hitma tunakula naye. Hatumwambii kwa sababu eti "tunaishi naye". Jamani! Anayeishi naye ni yule dada wa chini, anayedeki kinyesi chake.

Hiyo ndiyo heshima yetu ya ujirani: tunamstahi anayechafua, halafu mtoto akiharisha akafa tunakwenda kumchangia sanda. Na tutachanga vizuri mno.

Ninachosema ni kwamba kamati tunayo tayari. Watu wale wale, daftari lile lile, ligeuzwe ukurasa wa nyuma uandikwe MTARO. Kijana aliyechimba kaburi jana koleo analo. Mama anayeshika daftari anajua kudai ahadi mpaka mlangoni, hata kwa wenye mageti. Taa ya njia panda nayo ingeingia humo humo. Suala la wapangaji kutoitwa kwenye lolote nitaliandikia siku yake. Leo niseme tu kwamba maji yakija hayaulizi mkataba.

Wazo hili nimeshalipeleka kwa huyo mama. Ameniuliza kitu kimoja tu: mwenye choo naye aandikwe mchango? Nimemwambia amwandike wa kwanza, na mara mbili.