Honda ya Baba Mkwe na Ndoo Mbili za Ukwaju

Mimi si fundi. Nalitanguliza hilo kwa sababu kwa miezi mitano mfululizo kila aliyepita uani kwangu alilisema, na mtu pekee aliyekuwa akibisha nilikuwa mimi.

Honda yenyewe ni C70 ya mwaka 1979, ya bluu, au tuseme ilikuwa ya bluu pale ambapo kutu ilikuwa haijafika. Mali ya baba mkwe. Alikuwa bwana shamba Muheza, na kwa injini hiyo ya cc 72 alikuwa akipanda mpaka Amani na kushuka, masika na kiangazi, nyuma kafunga kapu la machungwa, na juu ya kapu, kama anavyosimulia mama mkwe mwenyewe, kampakia mama mkwe. Alipostaafu akaiegesha bandani, kuku wakawa wanataga kwenye kiti. Siku niliyoiomba alinitazama kitambo, kisha akasema: "Chukua, mwanangu. Ukishindwa, nirudishie salama." Maneno hayo hayo, bila kupunguza hata nukta, aliniambia siku nilipomuoa binti yake.

Nikaileta Tanga juu ya kirikuu mpaka kwangu Ngamiani. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, kwa hiyo nikaiingiza sebuleni na kuanza kuifungua. Ufundi wa nyumbani una shida moja: nyumbani kuna wenyewe. Nati na bolti nilizipanga kwenye trei la mayai, kila kishimo na nati zake, nimeandika kwa kalamu ya risasi ipi ni ya wapi. Nilijiona mhandisi. Siku mbili baadaye nikakuta trei limerudi mezani likiwa na mayai thelathini, na nati zangu zote zimemiminwa kwenye kopo moja la maziwa ya unga. Nilipouliza, mke wangu alinijibu kwa upole wa kutisha, "Baba watoto, kwani trei la mayai ni la nini?"

Pistoni nayo ilikuwa imelala kwenye hotipoti. Hilo nalipita haraka, tulishasuluhishwa.

Kila aliyekuja kutazama nilimpa somo. Kwamba Honda za ukoo huu, Super Cub, zilianza kutengenezwa mwaka 1958, na kufikia 2017 zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 100. Kwamba Soichiro Honda alitaka pikipiki ambayo kijana wa mgahawa ataiendesha kwa mkono mmoja, mkono wa pili umebeba sinia la tambi, ndiyo maana haina klachi ya mkononi. Unakanyaga gia, klachi inaachia yenyewe. Unainua mguu, inashika yenyewe. Resi ikiwa chini pikipiki inatulia, resi ikipanda inaondoka. "Akili ya Kijapani hiyo," nilikuwa namalizia, nikigonga tangi kwa kidole. Lishikeni hilo la klachi. Mimi lilinirudia nikiwa sina nguo.

Basi tangi. Ndani lilikuwa na kutu ya kukwangua kwa kijiko, na spea ya tangi la Honda ya 1979 huipati dukani kama unavyopata ya hizi pikipiki za bodaboda. Mzee mmoja wa gereji akaniambia dawa ni ukwaju: uloweke mzito, umimine tangini pamoja na kokoto na nati mbovu, utikise, uache ulale. Ile asidi inakula kutu. Ushauri wa kweli kabisa, sina ugomvi nao. Ugomvi ni kwamba tulikuwa Ramadhani.

Nyumba ya Tanga mwezi wa Ramadhani kukutwa na ndoo ya ukwaju jikoni si habari. Siku hiyo kulikuwa na mbili. Moja yangu, ukwaju mtupu, mzito kama uji. Ya pili ya mke wangu, ameshaichuja, kaitia sukari kilo nzima na iliki, tayari kwa futari, kwa sababu jioni tulikuwa na mgeni: mwalimu wa madrasa anayewafundisha watoto wetu. Ndoo zote mbili nyeupe, mifuniko myeupe. Ungetaka kuonja ujue ipi ni ipi, ungeonjaje na umefunga?

Nikachukua moja. Nikamimina tangini, nikatia kokoto na nati, nikawaita watoto watikise. Walitikisa kwa zamu huku wakiimba, ilikuwa burudani.

Magharibi ikaadhiniwa. Mwalimu akala tende, akaomba dua, akainua glasi kubwa iliyojaa pomoni na kuipiga funda moja la mtu aliyeshinda juani. Akafumba jicho la kulia. Halafu akafumba na la kushoto. Shavu moja likaingia ndani, likakaa huko huko. Sote tukanyamaza, kwa heshima. Alipopata sauti alisema "Alhamdulillah," taratibu, kama mtu anayehesabu meno yake kwa ulimi, kisha akaweka glasi chini na kuisogeza mbali naye kwa kidole kimoja.

Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama tangi.

Asubuhi yake nililikuta dirishani nilikoliacha, na mstari wa sisimizi unaotoka kwenye ufa wa ukuta wa choo, unapita juu ya kamba ya nguo, unateremka dirishani na kuingia kwenye mdomo wa tangi kwa nidhamu ambayo sijaiona hata kwenye foleni ya benki. Waliokuwa wanatoka walikuwa wanene kuliko waliokuwa wanaingia. Nikalisuuza tangi kwa maji mara mbili, nikalianika. Kutu ilikuwa imetoka, jamani, lazima niseme ukweli, sukari au hapana sukari ukwaju ulifanya kazi yake. Nikaona yamekwisha.

Siku zikaenda. Nikafunga injini, nikatia ringi mpya, nikapaka rangi. Mwanzoni nilikuwa nikijaribu injini kwa petroli ya chupa iliyoning'inizwa juu, na ilikuwa inawaka vizuri. Tena inawaka bila funguo! Hili nalo nililitangaza mtaa mzima kama kipaji. Honda hizi za volti 6 moto wa plagi unazalishwa na sumaku ndani ya flaiwili, si betri, na swichi ya funguo kazi yake ni kuumwaga ule umeme kwenye fremu ili injini izime. Waya za swichi nilikuwa sijaziunga, zinaning'inia tu mbele pale. Kuwaka, inawaka. Swali la kuzima nilikuwa nalijibu kwa kufinya mpira wa petroli na kusubiri.

Usiku wa kuandama mwezi nikafunga tangi lenyewe. Kesho yake, Idi mosi, wakwe wanakuja kula pilau na kuiona Honda. Nikatia petroli, nikapiga kiki. Ikawaka, ikakohoa mara mbili, kimya. Nikapiga tena. Kikohozi. Nikafungua kabureta, na ndani ya kile kibakuli cha chini nikakuta kitu kama asali, kinanukia iliki, na sisimizi wanne waliokufa kifo kitamu.

Fundi wangu wa kukimbilia alishapanda basi kwenda kwao Lushoto kwa sikukuu. Nikafanya mwenyewe, saa sita za usiku, tochi ya simu imeshikwa na mwanangu wa darasa la tano ambaye alikuwa anasinzia, kwa hiyo mwanga ulikuwa unaonyesha dari. Nikaosha kila kipande kwa petroli. Nikapuliza vijitundu. Nikarudisha.

Sasa mniwie radhi kidogo, hapa lazima niwaonyeshe kitu kwa karibu. Ndani ya kabureta kuna kipistoni kidogo, ukubwa wa kidole gumba, kinachopanda ukivuta mafuta na kushuka ukiachia. Upande mmoja wa chini kimekatwa mshazari, kama ukucha uliokatwa vibaya, na ubavuni kina mfereji. Pale palipokatwa panaelekea upande wa hewa, na mfereji unakaa kwenye kijipini. Ukikiweka kinyume, hakishuki mpaka chini. Kinabaki kimekwama juu, maana yake injini inadhani umevuta mafuta. Mimi nilikiweka, kikagoma kidogo, nikakisindikiza kwa nguvu.

Idi ikafika. Tukaswali, tukapeana mikono, wakwe wakaingia. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu. Iko wapi?" Hakuuliza binti yake yuko wapi. Wakakaribishwa mkekani barazani uani, mama mkwe na kanga zake mpya, baba mkwe na kanzu na kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, kazi ya miezi. Nikavua kanzu nisiichafue, nikafunga msuli. Chini ya msuli nilikuwa na bukta, na kwa bukta hiyo nitamshukuru Mungu mpaka naingia kaburini.

Honda ilikuwa juu ya stendi ya katikati, gurudumu la nyuma limeinuka hewani. Kasha la mnyororo sijalifunga. Ngao ya miguu ya mbele sijaifunga. Chujio la hewa sijalifunga. Lakini ilikuwa inang'aa, bwana wee! Mzee akaisogelea, akapapasa usukani, na nikaona macho yake yamelegea kidogo. "Haya," akasema, "tuisikie."

Nikapiga kiki moja.

Haikukohoa. Ilipiga ukelele. Resi ikapanda palepale mpaka juu ikakaa huko, *yiiiiiii*, moshi, vioo vya dirisha vinatetemeka, kuku wanaruka. Nikazungusha funguo. Funguo gani? Waya zinaning'inia. Nikafinya mpira wa petroli, lakini kwenye kabureta tayari ipo ya kutosha. Mkono wangu wa kushoto ukatafuta klachi kwa mazoea ya pikipiki nyingine, ukafinya hewa. Ndipo somo langu la miezi mitano likanijia kichwani, nusu yake: ukikanyaga gia, klachi inaachia. Nikakanyaga gia.

Nusu ya pili ilinijia nilipoinua mguu.

Gia ya kwanza ikaingia, gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka hewani kwa hasira, na pindo la msuli wangu, lililokuwa linapepea pale karibu na mnyororo usio na kasha, likaitwa. Silielezi vinginevyo. Liliitwa, likaenda. Msuli ukavutwa, mimi nikauvuta, Honda ikayumba, stendi ikajikunja, gurudumu likagusa ardhi, na gari la mwaka 1979 likaondoka na nguo ya mwaka huu.

Lilikata kamba ya nguo, likavaa shuka la maua. Likapita katikati ya banda la kuku. Likalielekea sufuria la pilau mkaani, na hapo nilimsikia mke wangu akitoa sauti ambayo hata leba sikuisikia. Hatua mbili kabla ya sufuria likagonga kinu, likaanguka ubavu. Pilau ikasalimika. Naandika hivyo kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na kila mtu.

Lakini kuanguka hakukulizima. Lilikuwa linaunguruma limelala, gurudumu linazunguka, na msuli wangu uliozongwa mle unapiga ardhi *pwa, pwa, pwa*. Mimi nimesimama katikati ya ua, mbele ya mama wa mke wangu, na bukta. Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa kanga. "Astaghafirullah," alikuwa anasema, na mabega yake yanatetemeka kwa namna isiyofanana na kilio.

Baba mkwe hakukimbia. Aliamka mkekani pole pole, akakunja kanzu, akaenda kuchuchumaa karibu na injini. Akavua kofia yake ya viua, akaikunja mara mbili, akauziba mdomo wa kabureta kwayo na kukandamiza. Injini ikavuta pumzi, ikakosa, ikasema *mkh*, ikafa. Ua mzima ukasikika kuku mmoja tu anayelalamika.

Mke wangu akanirushia kanga yake, nikajifunga haraka haraka. Watoto wakaanza kucheka upya, sikujua kwa nini, mpaka nilipoinama na kusoma maandishi: SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU.

Mzee akaomba bisibisi. Akaisimamisha Honda, akafungua mfuniko wa kabureta, akakichomoa kile kipistoni, akakigeuza kwa vidole viwili, akakirudisha. Kikaingia bila kusindikizwa. Zile waya mbili akazisokota pamoja na za swichi, kazi ya dakika mbili ambayo mimi niliiweka kiporo tangu Januari. Akajipangusa mkono, akapiga kiki moja ya kistaarabu. *Tu-tu-tu-tu.* Taratibu, kama paka aliyeshiba. Akazima kwa funguo. Akawasha. Akazima tena, akinitazama.

Tukala pilau kimya. Mimi bado na kanga. Kofia ya viua ilikuwa imeanikwa ukutani, nyeusi, ina tundu katikati, na tayari sisimizi wawili walikuwa wanaikagua, maana iliki ilikuwa haijaisha yote. Nikaona hapana, lazima niseme neno. Nikasema, "Baba, naomba radhi. Kwa Honda, kwa kofia, kwa yote uliyoyaona leo."

Baba mkwe akatafuna, akameza, akanywa maji. Mzee huyu ni mtu wa African Sports, timu ya mpira ya hapa Tanga, tangu ujana wake; mechi yao na watani wao wa mji huu huu, uwanjani Mkwakwani, haimkuti nyumbani.

"Honda nimekusamehe," akasema. "Kofia utanishonea nyingine. Lakini, mwanangu, miaka tisa umekaa na binti yangu, unakula kwangu, unalala kwangu, na muda wote huo ulikuwa unavaa bukta ya Coastal Union?"