Jina la ziwa letu tulipiganie huku huku tuliko

Najua wengine kwenye grupu zetu za WhatsApp watanikasirikia lakini wacha niseme tu. Sisi Waganda tunaoishi nje tumemaliza nguvu nyingi kuwaandikia watu wa nyumbani wabadilishe majina ya barabara na maziwa, na ile kazi ambayo ni yetu kabisa, ambayo hakuna mtu wa Kampala anaweza kutufanyia, hatujaigusa. Kazi yenyewe ni vitabu vya shule na ramani za hizi nchi tunamoishi.

Mimi ni mtoto wa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, upande wa Buliisa magharibi mwa Uganda, kando ya lile ziwa ambalo vitabu vinaliita Albert. Kule nyumbani hilo jina husikii kwa mvuvi. Wanyoro wanasema Mwitanzige, Waalur wanasema Onekbonyo, na wale wanaovuka kutoka Congo kuja kufanya biashara tunaongea nao Kiswahili na tunasema ziwa tu, basi, kila mtu ameelewa. Albert ulikutana naye darasani. Mwalimu wa SST, somo la maarifa ya jamii, anauliza mzungu wa kwanza kuliona ziwa ni nani, unaandika Samuel Baker, 1864, unapewa maksi, na kwa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, swali kama hilo unalitegemea kabisa, lakini sikumbuki hata siku moja tuliulizwa babu zetu walikuwa wanaliitaje. Na huyo Albert, mume wa Malkia Victoria, alikuwa ameshakufa tangu 1861, hakuwahi kuliona hilo ziwa, Baker alimpa tu kwa heshima ya malkia wake. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Sasa nikaja kuishi Virginia, hii sehemu ya kaskazini karibu na Washington, na hapa Annandale Wakorea ni wengi sana, maduka yao, makanisa yao, mabango ya barabarani kwa maandishi yao. Wao wana ugomvi wao wa siku nyingi na Wajapani kuhusu bahari iliyo katikati yao, dunia nzima inaiita Bahari ya Japani, wao wanasema ni Bahari ya Mashariki. Kinachowauma ni kwamba 1929, wakati shirika la kimataifa la ramani za bahari lilitoa kitabu chake cha majina na mipaka ya bahari, Korea ilikuwa chini ya utawala wa Japani tangu 1910, kwa hiyo hakukuwa na Mkorea wa kuwasemea wenzake. Mtu wa Uganda hahitaji kuelezwa hapo mara mbili.

Walivyoendesha hiyo kampeni ndiyo nataka tuiangalie vizuri. Mwaka 2012 walipeleka petisheni Ikulu ya Marekani, sahihi zikapita laki moja, na jibu likarudi kwamba serikali ya Marekani inatumia jina moja tu kwa kila bahari na ni lile la Japani. Mwaka huo huo kwenye Seneti ya Virginia mswada wao ulikwama kwenye kamati, tena kwa kura moja. Mtu angekata tamaa, hawa wakageuka wakaenda chini zaidi, wakaacha mambo ya kubadilisha ramani ya dunia wakashika kitu kimoja kidogo, kwamba kitabu cha shule za serikali za Virginia kikitaja Bahari ya Japani kitaje pia kwamba inaitwa Bahari ya Mashariki. Hakuna kufuta jina la mtu. Uchaguzi wa gavana wa 2013 ulipofika wakawabana wagombea wa vyama vyote viwili mpaka wakaahidi, manake kura zao zilikuwa zinahesabika. Ubalozi wa Japani ukaajiri watu wa kuwashawishi wabunge, balozi mwenyewe akamwandikia gavana akamkumbusha uhusiano wa kibiashara, na Wakorea nao wakajaza mabasi kwenda Richmond, mji mkuu wa Virginia ambako wabunge wanakaa, wazee kwa vijana, wanakaa kwenye kikao wanawaangalia wabunge wao usoni wakipiga kura. Mswada ukapita, Gavana Terry McAuliffe akausaini 2014. Leo kitabu cha jiografia cha binti yangu kimeandika majina mawili kwenye hiyo bahari, na kurasa kadhaa mbele kuna Ziwa Albert, Ziwa Edward na Ziwa Victoria, jina moja moja, kama vile kabla ya wale wazungu Baker na Stanley na Speke hapakuwa na mtu.

Tofauti ya huku na nyumbani hapa mimi naiona wazi. Nyumbani ukitaka kumpata mbunge unamvizia kwenye mazishi au harusi, na akifika watu wana shida kubwa kuliko ramani, wanamuomba mabati, wanamuomba ada ya shule. Huku mbunge wa jimbo ana ofisi, ana namba ya simu, unaandika barua na anajua wewe ni mpiga kura wake, akikupuuza atakukuta kwenye sanduku la kura. Hiyo nguvu tunayo wale tuliochukua uraia na hatuitumii. Lakini nyumbani nako kuna kitu huku hakuna. Mtoto wa dada yangu kule Buliisa hata kitabu kikimwambia Albert mara mia, akitoka shuleni anasikia jina la kwao kwa bibi yake, kwa wavuvi, kila siku. Binti yangu hana hiyo. Yeye analolijua kuhusu hilo ziwa ni lile ambalo ramani imemwambia na yale machache ninayomsimulia nikirudi kutoka shifti nimechoka. Kwa hiyo kitabu cha Virginia kina uzito kwake kuliko kitabu cha Uganda kilivyo na uzito kwa binamu yake, na ndiyo sababu nasema vita hii ni ya kwetu.

Na watu wa nyumbani wenyewe hawajalala jamani. Mwaka 2020 wakili Apollo Makubuya na wenzake walipeleka petisheni kwa Kadaga, aliyekuwa Spika wa Bunge, kuhusu majina ya kikoloni, na Februari 2025 Mahakama Kuu ikaamuru majina hayo yatolewe kwenye barabara za Kampala. Chukua Colville, huyo ndiye kanali aliyeongoza jeshi kuivamia Bunyoro ya Omukama Kabalega, mfalme wetu, mwisho wa 1893, na amekaa na barabara yake katikati ya mji wetu miaka yote hiyo. Hiyo kesi waliifungua wao, wakasimama mahakamani wao. Mtu wa London au Boston anayewaandikia leo "mmelala huko" anawakosea heshima, mimi siwezi kuwa upande wake.

Tena kwetu tumeshaona jina likibadilishwa na mkubwa mmoja linavyokuwa. Rais Idi Amin aliliita Ziwa Edward kwa jina lake mwenyewe mwaka 1973, Rais Mobutu naye upande wa Zaire, ndiyo Congo ya leo, akaliita Albert kwa jina lake, mbuga ya Queen Elizabeth ikawa Rwenzori, ile ya Murchison ikawa Kabalega, na walipoondoka wao, hata lile la Kabalega ambalo lilikuwa la haki kabisa liliondoka pamoja na mengine, manake watu walilihesabu ni mambo ya Amin. Malkia alirudishiwa mbuga yake 1991. Hata huku Marekani tumeona Januari 2025 rais ametia saini na Ghuba ya Mexico ikaitwa Ghuba ya Amerika kwenye karatasi za serikali yake, na nchi za jirani zinaendelea na jina lao. Wakorea walipita kwenye sheria na kwenye darasa, na rais hata mmoja hakuhusika.

Kinachotuangusha sisi ni kukubaliana jina lipi litumike. Nimeona hiyo vita kwa macho. Mtu anasema Victoria liitwe Nalubaale, Mjaluo anajibu ni Nam Lolwe, Mtanzania anasema na sisi je, tuna sehemu kubwa kuliko nyinyi wote, na baada ya hapo ni matusi ya kabila mpaka admini anafunga grupu. Mimi nasema yaandikwe yote. Kitabu kina nafasi, mabano hayana gharama, na ziwa la watu wengi lina haki ya majina mengi. Tena tuanze na hili la kwetu la magharibi, Mwitanzige na Onekbonyo, manake hapo hatuna ugomvi mkubwa na sasa hivi ndipo jina la Albert linazidi kukaza mizizi, tangu mafuta yalipopatikana 2006 kila mkataba na kila ripoti inaandika Albertine hivi, Albertine vile.

Wapo watakaosema hospitali hazina dawa na wewe unalia na ramani. Dada yangu mwenyewe ameniambia hivyo kwa simu na sikumjibu vibaya, ana haki. Lakini barua yangu kwa bodi ya shule ya hapa haimpunguzii mgonjwa wa Hoima kule nyumbani hata kidonge kimoja, na pesa ya dawa nitatuma kama ninavyotuma siku zote.

Kwa hiyo nimeandika barua. Nimeomba kitu kimoja, kwamba vitabu vipya vya jiografia vikitaja Ziwa Albert viweke na majina ambayo wenyeji wanatumia, na nitaisoma kwenye kikao cha wazi cha bodi kabla shule hazijafungwa. Nimeshaongea na mzee mmoja Mkorea wa kanisa la jirani, ambaye alikuwa kwenye yale mabasi ya Richmond, amekubali kunisindikiza. Mliopo Virginia njooni, hata kama hutasema neno, kaa tu wakuone. Mliopo Waltham, London na Toronto, barua nitawatumia, badilisheni jina la bodi tu mpeleke.