Ramani ya Mafuriko na Alama ya X

Mwulize mkazi wa Tandale maji yalifika wapi, ataweka kiganja ukutani: hapa, usawa wa kitasa. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ulijengwa juu ya majibu kama hayo. Wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora mitaro, vichochoro na nyumba za kata zinazofurika, kisha wakaiacha kazi yao wazi kwa yeyote kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea.

Kitasa hakionekani kutoka angani. Setilaiti nayo ina lake: rada ya Sentinel-1 ya Ulaya hupenya mawingu, usiku na mchana, na picha zake ni za bure. Masika yanapoliziba anga la Jangwani, kamera ya kawaida huambulia wingu tupu. Ila rada hiyo haipiti kila siku, na maji yaliyojificha kati ya nyumba zilizobanana huipa shida. Mto Msimbazi hujaa na kupwa kwa saa chache. Picha inaweza kufika watu wameshaanika magodoro.

Wanaotazama usalama wa nchi husema ramani iliyo wazi husomwa na adui pia. Siwabezi. Januari 2018 iligundulika kuwa ramani ya Strava, programu ya simu inayorekodi njia za wakimbiaji, imeanika kambi za kijeshi Syria na Afghanistan, kwa sababu tu askari walikimbia na saa mkononi. Kibali cha kurusha droni ya kupiga picha za ramani basi kina maana yake, mradi cha waokoaji kiwe kimeshatoka kabla mvua haijaanza. Aliye juu ya paa hawezi kusubiri mhuri.

Mimi adui wa nje hanitishi sana. Desemba 2015, miaka minne baada ya mafuriko yaliyoua takribani watu 40 jijini, nyumba za bonde la Msimbazi zilipigwa X nyekundu, tingatinga likafuata. Serikali ilikuwa na hoja, bonde lile linaua kweli. Lakini aliyeiona X ile, akija kijana na simu kumwuliza habari za maji, kiganja kitashuka hadi gotini: hapa tu, wala hayakuingia ndani. Ramani itakosea palepale penye hatari. Kabla ya kununua droni nyingine, ningetaka sheria iseme wazi kwamba taarifa iliyotolewa kwa ajili ya uokoaji haitatumika kumbomolea aliyeitoa.