2G Izimwe au Ibaki? Tuanze na Menyu ya Pesa

Kadiri 4G na 5G zinavyosambaa Afrika Mashariki, swali la kuzima 2G, mtandao wa simu wa kizazi cha pili, haliepukiki. Wanaotaka izimwe wana hoja nzito.

Ya kwanza ni masafa ya redio yanayobeba mawasiliano. GSM, yaani 2G, hugawa masafa katika vipande vya kilohezi 200, na kila kipande kina zamu nane. Ukipiga simu, zamu moja ni yako mpaka ukate, hata mkinyamaza wote wawili. 4G haimshikii mtu njia: kila kitu, sauti ikiwemo, hukatwa vipakiti na kutumwa pale nafasi inapopatikana, hivyo masafa yaleyale hubeba data nyingi zaidi. Ya pili, ambayo kwangu ndiyo kali, ni usalama. Katika 2G mtandao hukagua laini ya mteja, lakini simu haiukagui mtandao. Tapeli mwenye mnara bandia ndani ya gari anaweza kuivuta simu yako na kukutumia ujumbe wenye jina la benki. Kuanzia 3G ukaguzi ni wa pande mbili.

Sasa mtazame mteja wa M-Pesa Tanzania aliyesimama kwa wakala, anabonyeza *150*00#. Ombi lake haliendi kwa intaneti. Linapita kwenye njia ya ishara, ileile ambayo simu na mnara huitumia kupanga mazungumzo. Ndiyo maana menyu inafunguka kwenye kitochi, bila bando. Hata mwenye simu janja, akibonyeza namba hizo, mara nyingi ataona alama ya 4G juu ya kioo ikigeuka 3G au E (alama ya 2G) kwa sekunde chache. Simu imeshuka kwenye mtandao wa zamani kufuata menyu, halafu inapanda tena. 4G haikuwekewa njia ya kizamani ya sauti: unapiga kwa VoLTE, yaani sauti inayotumwa kama data ndani ya 4G, au simu inashuka vilevile.

Kwa hiyo anayezima 2G hagusi simu za kizamani peke yake. Australia ilipokuwa ikizima 3G mwaka 2024, baada ya 2G kutangulia, ilibainika kuwa baadhi ya simu zilipiga kawaida kwa 4G lakini zilitegemea 3G kwa namba ya dharura, 000. Ikabidi zifungiwe. Na ile ni nchi tajiri, ambako kununua simu nyingine si mzigo kama ulivyo kwa mkulima wa Sumbawanga.

Naona Ujerumani ilichagua vizuri zaidi: 3G ilizimwa 2021, 2G ikaachwa. Mitandao ilirudisha masafa mengi bila kumkata mtu mwenye kitochi, maana vipande vya 2G ni vyembamba na vichache vinatosha kwa simu na menyu.

Lakini hilo haliondoi mnara bandia. Baadhi ya simu za Android, tangu toleo la 12, zina kitufe cha kuzima 2G. Mwenye kitochi hana kitufe hicho, na yeye ndiye pesa zake zote ziko kwenye laini. Kwa hiyo 2G ibaki kwa muda, lakini mwenye mtandao abebe wajibu: asake minara bandia, na auze kitochi cha 4G chenye VoLTE kwa bei inayokaribia ya kile cha zamani. Menyu ya pesa nayo ijaribiwe vijijini, 2G na 3G zikiwa zimezimwa kabisa, kabla tarehe yoyote haijatangazwa.