Mama mdudu anajua anakotaga?

Mimina kwenye ungo kunde zilizokaa muda mrefu kwenye gunia, uziangalie juani. Nyingine zina tundu la mviringo; hizo zimeshabunguliwa na mdudu mwenyewe ametoka. Nyingine ni nzima bado ila zina kidoa cheupe, kama tone la chokaa. Hilo ni ganda la yai la fukusi. Yai likiwa bichi halina rangi, ni kama mate yaliyokauka. Weupe huja baadaye, funza anapotoboa kunde akiwa chini ya ganda na kulijaza unga anaoutoa. Akishaingia hatoki mpaka awe fukusi kamili, wiki tatu au nne baadaye.

Funza huyo hawezi kuhamia kunde ya jirani. Pale mama alipobandika yai ndipo nyumba, ndipo chakula, na pengine ndipo kaburi. Ndiyo maana fukusi ni kipenzi cha wanaoshikilia kwamba mama mdudu anajua. Mwaka 1978 mwanaikolojia John Jaenike aliieleza hoja hiyo hivi: kwa wadudu wala mimea, jike atataga pale watoto watakapokua vizuri, maana majike waliochagua vibaya hawakuacha wajukuu. Na kweli, fukusi huizunguka kunde akiipapasa, na akikuta ina yai tayari mara nyingi huiacha akatafuta iliyo tupu. Zikiwa nyingi, mayai husambaa mojamoja kana kwamba yamegawiwa kwa foleni. Wala hana maslahi yake pembeni, kwani ghalani huweza kuishi na kutaga bila kula kitu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mtu angesema. Uchambuzi wa mwaka 2010 uliokusanya tafiti nyingi ulielekea huko huko: kwa jumla majike hupenda mimea inayowafaa watoto, hasa wale wa kula mimea ya aina chache.

Sasa mfungie fukusi huyo huyo kwenye chupa ya maharage ya kawaida. Atataga. Funza wataanguliwa na kufa, kwa sababu maharage yana kizuizi kinachowanyima kumeng'enya wanga. Hata shanga za kioo huzibandika mayai zikiwa ndizo pekee zilizopo. Kumbe anachokijua ni dalili: mviringo, ulaini, harufu. Kilichomo ndani hakijui.

Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, ujinga huo umegeuzwa kilimo. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wakiongozwa na Zeyaur Khan pamoja na wenzao wa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, waliubuni katika miaka ya 1990 mfumo wa sukuma-vuta. Shamba la mahindi huzungushiwa nepia, yale majani ambayo Watanzania wengi huyaita mabingobingo. Giza likiingia, nondo wa funza wa mabua huanza kutafuta pa kutaga, na saa hizo hizo nepia humwaga harufu kwa wingi kuliko mahindi. Nondo huifuata. Funza wakijaribu kuingia shinani, hutoka utomvu unaonata na kuwanasa. Wanaofika utu uzima ni wachache.

Watetezi wa mama husema amechanganywa na mazingira mapya. Kwa Chilo, nondo wa funza wa mabua aliyetoka Asia, nakubali. Lakini Busseola, nondo mwingine wa funza hao, ni mwenyeji wa Afrika na nepia ni mwenyeji wa Afrika. Hawa walikuwa majirani kabla mahindi hayajavuka bahari! Utetezi huo hapa unapwaya.

Upande wa "sukuma" una ubishi wake. Maelezo ya kawaida ni kwamba desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa katikati ya mistari ya mahindi, hunuka kama mmea ulioshambuliwa, hivyo mama hukwepa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulidai haifukuzi kitu, bali vinyweleo vyake vyenye ndoano ndivyo vinavyonasa funza.

Wako wasemao mama hata hajali, hujijali yeye. Watafiti wa Ubelgiji walionyesha mwaka 2000 kuwa nzi fulani mdogo, ambaye funza wake huishi ndani ya majani ya nyasi, hutaga panapomshibisha yeye. Siwezi kumlaumu: akifa njaa, mayai yaliyobaki tumboni yanakufa naye. Naye nondo wa kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016, anaweza kutaga hata ukutani. Huufunika mkupuo wa mayai kwa vinyweleo vya tumbo lake, akaondoka. Uzembe? Vifunza vyake hujining'iniza kwa uzi na kupeperushwa na upepo hadi mmea mwingine. Mimi naona hapa ndipo pande mbili zinapokutana: mtoto asiye na miguu ya kwenda popote humlazimisha mama kuwa makini, na mwenye uzi humpunguzia mama kazi.

Ila hesabu hiyo inamhusu mama anayeondoka. Marekani kuna kunguni mdogo mwenye mabawa kama kitambaa cha lesi, mla biringanya na jamii yake. Huyu hakai mbali. Huyalinda mayai, kisha huwasindikiza watoto kutoka jani hadi jani, na adui akitokea humrukia akipepea mabawa. Gharama yake ni kwamba akilea hatagi. Basi wapo majike wanaokwenda kutaga kwenye kundi la mayai la mwenzao, wakamwachia ulezi, wao wakaendelea kutaga. Mwenye kundi si lazima apate hasara. Wawindaji wakija, mayai ya mgeni huenda yakaliwa kabla ya yake. Na mgeni hakuchagua jani kwa utamu wake. Alichagua jani lenye mlinzi.