Mtoto akililia Mustang

Swali lilitua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo usiku wa Jumapili. Binamu yangu, aliyehamia Houston miaka mingi iliyopita, anataka kumnunulia mwanawe gari. Kijana anakaribia miaka 17, leseni anayo, na hataki gari tu, anataka Ford Mustang GT mpya, ya dukani, yenye harufu ya dukani. Baba hela anazo. Mama hataki hata kuisikia. Wakaona watuulize sisi.

Majibu yakamiminika. Mjomba wa Moshi akasema apewe baiskeli. Vijana wakatuma video za matairi yanayofuka moshi. Shangazi wa Tanga, ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake, akafunga mjadala kwa sauti ya sekunde nne: "Mtoto akililia wembe, mpe." Nikaahidi kuandika kwa kirefu, kwa sababu nilihisi methali ya Shangazi ina tundu mahali fulani, ila usiku ule sikulijua ni wapi.

Tuanze na chenyewe kinacholiliwa. Mustang GT iliyoingia sokoni kama toleo la 2024 ina injini ya V8, yaani ya silinda nane, ya lita 5 na nguvu za farasi 480, au hospawa kama wasemavyo mafundi. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa huchukua sekunde nne na ushee. Nguvu zote zinakwenda magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo raha yake na ndiyo hatari yake. Ford wameweka hadi breki ya mkono ya kielektroniki ya kudrifti, yaani kulaza gari ubavu kwenye kona kwa makusudi. Hilo si jambo ambalo mnunuzi analigundua kwa bahati mbaya. Limo kwenye matangazo.

Sasa tazama sheria ya Texas. Kijana chini ya miaka 18 akipata leseni yake ya muda, haruhusiwi kubeba zaidi ya abiria mmoja wa chini ya miaka 21 asiye wa familia yake, wala kuendesha kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa kwa dharura, kazi au shule. Sheria inahesabu marafiki, inahesabu saa, lakini farasi haiwahesabu. Kama ni 100 au 480, shauri la baba.

Na hoja ya baba si ya kipuuzi, nisije nikaipitia juu juu. Aliniandikia hivi: "Nikimnunulia mkweche wa dola elfu tano, ndiyo atakuwa salama?" Hapo ana haki. Marekani kuna taasisi ya utafiti wa usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima, IIHS, na kwa miaka mingi imekuwa ikionyesha kwamba vijana wanaokufa barabarani mara nyingi huwa kwenye magari madogo na ya zamani. Ndiyo magari wazazi wanayowapa: lililochoka linashuka kwa mtoto. Mfumo wa kuzuia gari kuteleza na kupoteza mwelekeo ulikuja kuwa lazima kwa magari yote mapya mepesi nchini humo kuanzia matoleo ya 2012. Gari jipya lina mifuko ya hewa kila upande, bodi iliyopimwa kwa kugongeshwa ukutani, na kompyuta inayokanyaga breki yenyewe pale dereva anapozubaa. Mkweche mara nyingi hauna vyote hivyo. Raundi ya kwanza nampa baba.

Ana hoja ya pili pia: kasi haihitaji V8. Corolla ya kawaida inafika kasi ya kuua bila jasho. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa madereva wa miaka 16 hadi 19, kwa kila maili wanayoendesha, hupata ajali za vifo karibu mara tatu ya walio na miaka 20 na zaidi, na wengi wa vijana hao hawana Mustang. Wana vigari vya mama zao. Kwa hiyo anayesema tatizo ni gari la mbio anakwepa tatizo lenyewe, ambalo ni ugeni wa dereva.

Halafu kuna wale watoto wa ajabu. Max Verstappen aliingia Formula 1 mwaka 2015 akiwa na miaka 17, akashindana sehemu kubwa ya msimu kabla ya kupata leseni ya kuendea dukani, aliyoichukua siku alipotimiza 18. Kalle Rovanperä wa Finland, ambaye Wakenya wanamjua vizuri kwa kuwa ameshinda Safari Rally mwaka 2022 na 2024, alikuwa bingwa wa Latvia mwaka 2016 akiwa kijana asiye na leseni ya barabarani. Vijana wa kundini walinitumia hizo kama ushahidi kwamba umri si kitu.

Mimi nazisoma kinyume. Rovanperä alianza kuzungusha gari kwenye maziwa yaliyoganda kwao akiwa na umri wa miaka minane hivi, baba yake, naye dereva wa rali, akimwangalia. Kipaji hicho kilikuwa na miaka ya mazoezi nyuma yake, mahali ambapo ukikosea unagonga theluji. Na kule Latvia, hatua za mashindano zilipofungwa kwa umma alishika usukani yeye. Zikiisha, wakitakiwa kupita barabara ya kawaida kwenda hatua nyingine, alihamia kiti cha abiria na msoma ramani akaendesha. Mwenye kipaji kuliko wote waliokuwepo alishuka kwenye usukani kwa sababu mbele kulikuwa na watu wasiokuwa kwenye mashindano. Shirikisho la magari duniani, FIA, nalo baada ya Verstappen likaweka kanuni kuanzia 2016 kwamba dereva wa Formula 1 awe na miaka 18.

Kwa upande wa mama, hoja inayonishika zaidi ni ya marafiki kuliko ya kasi. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwaweka watu wa rika mbalimbali kwenye mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, wengine peke yao, wengine wenzao wakiwatazama. Watu wazima hawakubadilika sana. Vijana wakitazamwa walijihatarisha zaidi kwa kiasi kikubwa. Yeyote aliyewahi kuwa na miaka 17 hahitaji utafiti kulijua hilo, ila ni vizuri likapimwa. Sasa fikiria gari ambalo kazi yake nzima ni kutazamwa. Corolla haiombwi na mtu "hebu ikanyage tuone". Mustang itaombwa kila Ijumaa.

Nguvu nayo ina hesabu yake. Kwenye gari dhaifu, ukifanya kosa la kijinga wakati wa kuovateki unapata sekunde kadhaa za kulijutia, kwa sababu gari halijashika kasi. Hospawa 480 zinazila sekunde hizo. Ukienda mara mbili ya kasi, kishindo cha kugonga kinakuwa mara nne, si mara mbili. Hiyo ni fizikia ya kidato cha pili, na kijana wa Houston ameisoma.

Nikiwa hapo katikati nikakumbuka Pune.

Usiku wa manane wa tarehe 19 Mei 2024, katika jiji hilo la India, kijana wa miaka 17 aliyekuwa akisherehekea matokeo yake ya mtihani wa kumaliza shule aligonga pikipiki akiwa kwenye Porsche Taycan ya umeme. Waliokuwa juu ya pikipiki, mwanamume na mwanamke, wote wahandisi wa kompyuta wa miaka 24, walikufa. Gari lilikuwa jipya kiasi kwamba halikuwa na namba za usajili. Ada iliyobaki kulipwa ilikuwa rupia 1,758, kwenye gari la mamilioni. Bodi inayoshughulikia kesi za watoto ikampa dhamana siku hiyohiyo, na miongoni mwa masharti lilikuwemo la kuandika insha ya maneno 300 kuhusu ajali za barabarani. India nzima ikalipuka kwa hasira. Baadaye polisi wakadai kuwa sampuli ya damu ya kijana ilibadilishwa, na kwamba dereva wa familia alishinikizwa aseme ni yeye aliyekuwa akiendesha. Baba na babu wakakamatwa.

Watu wengi waliichukua kesi ile kama habari ya matajiri na rushwa, na ni kweli ilikuwa hivyo. Lakini iangalie kwa jicho la hoja ya binamu yangu. Gari jipya, la hali ya juu, lenye kila kinga. Kinga zilifanya kazi: kijana alitoka mzima. Mifuko ya hewa ya Taycan iko upande mmoja tu wa kioo.

Hapo ndipo nilipoliona tundu la methali ya Shangazi. Wembe unamkata anayeushika. Ndiyo maana wazee waliona mtoto apewe: atalia, atafungwa kitambaa, atajua. Mustang haina adabu hiyo. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 1.19 barabarani kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni vya waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Baba alipouliza "atakuwa salama?" alikuwa akimuuliza mmoja tu. Na neno lake "jipya" linabeba vitu viwili alivyovifunga kifurushi kimoja: upya, ambao unamlinda mwanawe, na nguvu, ambazo hazimlindi mtu yeyote. Duka linaviuza pamoja, lakini vinatenganishika.

Kuna nchi zimevitenganisha. Australia, kwenye majimbo kama New South Wales, Victoria na Queensland, mwenye leseni ya muda haruhusiwi gari linalozidi kilowati 130 kwa kila tani ya uzito. Mustang GT, kwa hesabu yangu ya kalamu, iko kwenye 200 hivi. Italia ni wakali zaidi: tangu Desemba 2024, kwa miaka mitatu ya kwanza ya leseni, mwisho ni kilowati 75 kwa tani na kilowati 105 kwa ujumla. Hapo hata Corolla mpya ya Marekani, yenye hospawa 169, isingepita, na mimi naona wamezidisha. Sheria inayomnyima mtu Corolla inaomba kuvunjwa. Ila wazo si geni. Ulaya pikipiki zimepangwa ngazi kwa ngazi muda mrefu: ukiwa na miaka 16 unaanza na cc 125, ukifika 18 unapanda hadi kilowati 35, mashine kubwa baadaye. Hakuna anayeona kijana ameonewa.

Kwetu huku kifurushi kimefungwa vibaya zaidi. Kijana wa Nairobi au Dar mwenye mshua mwenye uwezo mara chache anapata gari jipya la mbio. Anapata Subaru ya turbo au Mark X iliyotoka Japani baada ya kutumika. Kenya angalau inakataa magari yaliyozidi miaka minane. Tanzania tunaingiza hata ya zamani zaidi ilimradi ushuru ulipwe. Matokeo ni nguvu bila upya: turbo nzima, breki zimechoka, matairi ya mtumba. Leseni ya miaka 18 inamfungulia yote kwa siku moja, bila ngazi. Trafiki mwenye tochi ya kupima kasi atamkamata akizidi 50 mjini, kama yupo, kama ni mchana. Nikiulizwa kati ya kijana huyo na wa Houston nani ananitisha zaidi, nitasema huyu wetu, na barabara yake ina bodaboda kulia na kushoto.

Basi nikamwandikia binamu. Mnunulie jipya, lakini si hilo. Kama jina la Mustang haliepukiki, ipo ya silinda nne yenye hospawa 315, ambazo bado ni nyingi mno kwa mtu wa miaka 17, ila Ford wana kitu kinaitwa MyKey: ufunguo ambao mzazi anaupanga ili gari lisizidi maili 80 kwa saa, redio inyamaze mpaka mkanda ufungwe, na mfumo wa kuzuia kuteleza usizimike. Dodge nao waliwahi kuuza Challenger Hellcat ya hospawa 707 ikiwa na funguo mbili, mwekundu wa kufungua nguvu zote na mweusi wa kuzibana hadi 500. Watengenezaji wenyewe walikwishajua kwamba gari moja linaweza kuwa mawili, kutegemea nani kashika ufunguo.

Mama akatuma mikono ya kushukuru. Baba akasema atafikiria, ambayo kwenye ukoo wetu maana yake amekubali lakini asiulizwe tena. Shangazi hakusema kitu. Kijana mwenyewe, ambaye sikujua kama yumo kundini, akasoma yote akaandika mstari mmoja: "Na nikifika 20?"

Kwa hesabu ya Waitalia miaka mitatu itakuwa imetimia. Mpaka naandika haya, hakuna aliyemjibu.